Kandili Arobaini

Mwezi wa Mfungo Mosi, mwaka wa hamsini na nne, mtaa mzima wa Ngamiani, Tanga, ulikuwa ukioana, na taa ya karabai ya kukodi haikupatikana hata kwa dawa. Bibi Mwanamkasi alizunguka mtaa kwa mtaa siku mbili, akarudi mikono mitupu na hasira tele. Akaapa mbele ya watu kwamba Haji, mtoto wa marehemu kaka yake, hatapelekwa kwa mkewe gizani kama mwizi wa kuku. Kisha akamgeukia mdogo wake, Uweso, akamtazama tu.

Uweso alijua anatazamwa kwa nini. Alikuwa mtunza taa wa uwanja wa ndege, mwaka wa kumi na moja sasa, na chini ya mkono wake zilikuwa kandili arobaini: ishirini kushoto mwa njia ya ndege, ishirini kulia. Usiku wa ndege kuja, yeye ndiye aliyezipanga kwa kamba yenye mafundo, hatua ishirini baina ya taa na taa. Msimamizi wa uwanja, Mwingereza ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kipimo, alikuwa na sheria moja: taa haiwashwi wala haizimwi bila amri yake. Mtunza taa aliyetangulia aliazima moja akaenda nayo chooni, na asubuhi yake hakuwa na kazi.

Jioni ile ikaja simu ya maandishi: ndege ya barua italala Mombasa kwa sababu ya mvua. Bwana Kipimo akafunga ofisi, akaenda zake Amani, milimani, kutafuta baridi. Uweso akabaki na kamba yake mkononi. Akaifikiria kazi yake, akaufikiria ulimi wa dada yake, akaona ulimi ndio ulio karibu.

Saa tatu usiku harusi ikaanza safari kuelekea kwa bibi harusi, ng'ambo ya uwanja wa ndege, kwa njia inayopita kati ya minazi. Watu arobaini wakashikishwa kandili. Hapo ndipo Uweso alipofanya jambo ambalo Tanga nzima asingelifanya mtu mwingine. Mikono yake ilikuwa imezoea. Ikiona kandili inatafuta kamba. Kabla hajajijua, alikwisha wapanga watu safu mbili, ishirini huku na ishirini huku, hatua ishirini baina ya mtu na mtu, na anayesogea anakemewa. Harusi ikarefuka hata mpiga zumari wa mbele na mpiga ngoma wa nyuma wakawa kila mmoja na wimbo wake.

"Uweso, hii harusi au reli?" akauliza Mwanamkasi.

"Itazame ilivyonyooka, dada."

Ilinyooka kweli. Ilinyooka hata ikaonekana kutoka mawinguni.

Kwanza ulisikika mvumo upande wa bahari. Halafu ndege ikatokea, ikazunguka mara moja, ikazunguka mara ya pili chini zaidi, ikainamisha pua na kuielekea harusi. Watu wakashangilia, maana si kila bwana harusi hutembelewa na ndege. Uweso peke yake ndiye aliyeelewa.

"Anataka kutua juu yetu!" akapiga kelele. "Uwanjani! Kimbieni uwanjani na taa zenu!"

Ndege ikapita juu ya vichwa, makuti yakalala, ikanguruma na kupanda tena. Kandili arobaini zikamiminika penye pengo la ua wa uwanja, zikatapakaa uwanjani. Uweso akawa anakimbia huku na huku akionyesha vigingi vyeupe alivyovipigilia mwenyewe. "Moja hapa! Moja pale! Weka taa ulale chini!" Haji alikuja amepandisha joho mpaka magotini.

"Ami, na mimi nilale?"

"Lala, baba! Utaoa baadaye!"

Aliyekataa kulala ni Mwanamkasi. Alisema leso yake ni mpya, akabaki amesimama kando ya taa ya kwanza, mkono kiunoni, mpaka ndege ilipotua, ikaruka kidogo, ikatua tena, ikasimama mwisho wa safu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mlango haukufunguliwa. Uweso akapanda bawani, akachungulia. Kapteni Hobs, rubani wa barua, aliyekulia Amani na kusema Kiswahili cha watoto wa huko, alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, mdomo wazi, anakoroma.

Ndege iko uwanjani na amri ya kuzima taa haipo. Kandili hazikuweza kuondoka. Kwa hiyo Haji alipelekwa kwa mkewe gizani, anajikwaa, joho limejaa majani. Mwanamkasi alitangulia bila kusema neno, na kwa waliomjua hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Mchana wa kesho yake Bwana Kipimo alirudi, akamsomea Uweso taarifa ya rubani. "Anasema taa zilikuwa zikitembea. Zikakimbia. Zikarudi mahali pake. Aliposimama akasikia vigelegele." Akaikunja karatasi taratibu. "Maskini, amerukwa na akili. Sidhani kama atarusha ndege tena. Lakini wewe uliwasha bila amri ukaokoa ndege. Safari hii nimekusamehe, na nitaandika uongezwe mshahara."

Siku ile Uweso aliisukuma sahani ya chakula pembeni. Mkewe, Mastura, akamwuliza, naye akamweleza yote.

"Basi kaseme kweli."

"Nitafukuzwa, Mastura. Miaka kumi na moja!"

"Utafukuzwa una akili zako. Mwenzio anafukuzwa anaitwa mwehu."

Jioni Uweso akaenda nyumba ya wageni, alikolazwa Kapteni. Kapteni alikuwa kitandani, macho mekundu, kandili inawaka mezani karibu na uso wake.

"Kapteni, nimekuja kukwambia habari ya zile taa..."

"Zilitembea?"

"Zilitembea, bwana. Zilikuwa zinakwenda harusini."

Akamweleza tangu Ngamiani mpaka leso ya Mwanamkasi. Kapteni alijifunika uso, mabega yakamtikisika. Uweso alidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila na kicheko kimo.

"Kutwa niko hapa najiuliza kama nimekuwa kichaa," akasema.

"Kesho namwambia Bwana Kipimo. Nifukuzwe mimi."

"Usithubutu!" Kapteni akaketi. "Siku kumi na sita narusha, usiku na mchana. Mombasa niliomba nilale, kampuni ikasema mvua imekatika, barua zifike. Nikisema nimechoka napewa kahawa. Nimesema taa zinatembea, nimepewa daktari na kitanda wiki mbili, kisha wanipime upya. Ukisema kweli leo, alfajiri niko angani."

Uweso akapumua. Kazi yake imepona, na ya mwenzake pia. Akataka kuaga, lakini Kapteni akamshika mkono.

"Kuna kitu sikukiandika. Ile minazi niliiona, Uweso. Pande zote mbili. Nikasema moyoni, wamepanda minazi uwanjani, vizuri, kutakuwa na kivuli. Nikazidi kushuka."

Uweso akawaona tena Haji, na Mwanamkasi, na mpiga zumari, wamesimama safu mbili kati ya minazi kama alivyowapanga mwenyewe.

"Kwa hiyo taa zilikuwa nzima," akasema Kapteni, sauti inazama, "na mimi pia mzima, ila..."

Hakumaliza. Kichwa kiliangukia mto, mkono uliomshika Uweso ukalegea, akaanza kukoroma. Kandili ilikuwa inamwakia usoni. Uweso akageuka kutazama mlangoni, kwa mazoea, amtafute wa kutoa amri. Hakuwapo mtu. Akainama, akashusha utambi, akaipuliza ile taa, akatoka nje kwa ncha za vidole.