Vitabu vya Jalada la Kijani

Tangu vitabu virudi kutoka kwa fundi wa majalada kule Migori, maktaba ya chuo pale Homa Bay haikuwa na amani. Viliondoka kila kimoja na rangi yake, vikarudi vyote vimevaa kijani, kama watoto wa shule moja.

Wanafunzi ndio walioanza kunung'unika. "Kompyuta inasema kitabu kiko," Otieno wa uuguzi alimwambia Edinah, msaidizi mpya wa maktaba. "Rafuni hakipo. Ama kimeenda Mbita kuvua omena?"

Edinah alicheka, kisha akaenda kukitafuta. Bado alikuwa kwenye majaribio ya kazi, na mkubwa wa maktaba, Bwana Motari, alikuwa amekwisha kumwambia: "Kabla hujaja, vitabu vilikuwa havipotei. Ijumaa tunakagua. Vikikosekana, rudi kwenu."

Aliyemfundisha kazi ni Madam Nyaboke, mkutubi wa miaka mingi. "Kitabu kikikosea rafu, mwanangu, kimezikwa kikiwa hai," alizoea kumwambia. Na kurudisha vitabu hakumwachia mtu. Alifanya mwenyewe, haraka haraka, akiipapasa migongo yao.

Alhamisi asubuhi Edinah alimkuta kati ya rafu, ameshika kitabu cha kijani, kimepinduka juu chini. Kidole kilipita juu ya namba, kikarudi, kikapita tena. Kisha kitabu hicho, cha uuguzi, akakichomeka katikati ya vile vya kilimo.

Kumbe macho ya mama huyu yalikwisha kitambo. Vitabu alivijua kwa rangi na unene. Edinah aligeuka, akarudi mezani. Utamwambiaje aliyekufundisha?

Ijumaa, Motari aliweka mezani vitabu vitatu, vyote vya kijani. "Hivi nimevikuta pasipo pake. Nani aliviweka?"

Feni ilizunguka.

"Ni huyu mtoto," Nyaboke akasema polepole. "Bado anajifunza."

Edinah alimtazama. Nyaboke alikuwa ameuelekea ukuta.

"Basi msomee namba ya hiki, Madam," Motari akasema, "ajue kilipaswa kukaa wapi."

Nyaboke alikipokea, akakipapasa mgongo.

"Edinah, mwanangu," sauti ilikuwa laini kama siku ile ya kwanza, "hebu nisomee wewe. Miwani nimeisahau nyumbani."

Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani pake.

Edinah alikichukua kitabu, akakigeuza kikae sawa, akakirudisha mikononi mwa Nyaboke.

"Soma wewe, mama."