Mawe Yasiyotaka Sabuni

Mkurugenzi Tharcisse alikuwa na ugonjwa wa kung'arisha. Ofisi yake, kwenye kiwanda kidogo cha majaribio nje ya Kolwezi, iling'aa. Viatu viling'aa. Hata upara wake, mafundi walisema, ulipigwa rangi ya viatu kila Jumatatu. Kijito cha nyuma ya kiwanda tu ndicho kisichomhusu.

Kilimhusu mama Henriette, kibarua wa usafi kiwandani. Kwa miaka kumi na saba aliosha humo mawe ya shaba ya wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi, na anakumbuka mwaka, mwezi na siku ngozi ya vidole vyake ilipobambuka. Kiwanda kiligeuza asetoni, maji ya kufutia rangi ya kucha, kuwa dawa ya povu, ile inayoinua shaba kutoka kwenye tope la mawe yaliyosagwa. Ili asetoni igeuke, walimwaga ndani soda kali, ile inayounguza ngozi. Kazi ikiisha, soda haina pa kwenda, basi inamwagwa kijitoni, kwenye mikono ya mama wa watu.

Kisha akaja injinia Noëlla na ndoo ya vidonge vya kijivu, vikavu kama unga wa muhogo.

"Mama, soda inaondokaka na maji. Hii inabakia ndani ya tiyo," alimweleza akigonga bomba. "Asetoni inapita juu yake, inageuka, inaenda. Soda ya kumwanga mu muto, hakuna tena. Lakini maji ya sabuni isibiguse. Bitakufa."

Wakubwa wa kampuni wangekuja Ijumaa. Jaribio likifaulu, soda inafukuzwa. Likishindwa, inarudi kijitoni.

Alhamisi, Noëlla akiwa ameenda Lubumbashi hadi usiku, Tharcisse alichungulia ndoo akakunja pua.

"Mama Henriette! Osha hii mabwe. Iko na vumbi sawa barabara ya Mashamba."

"Tata, mama Noëlla alikataza maji."

"Noëlla njo directeur? Mi niko na diplome mbili. Weye uko na beseni. Osha!"

Kosa hilo ni la watu wa nchi ya shaba. Hapa jiwe huoshwa kabla mnunuzi hajaliona, maana lenye vumbi hupunguziwa bei. Kwa Tharcisse kila kitu kigumu kilikuwa jiwe, na kila mgeni mnunuzi.

Henriette alibeba ndoo hadi kijitoni, akaifunika kwa kitenge chake. Halafu akachota changarawe ya kijivu, akaisugua kwa sabuni hadi ikacheka. Changarawe ikaingia kwenye bakuli la kioo ambalo mkurugenzi angewaonyesha wageni. Ndoo ikarudi stoo, kavu. Alfajiri Noëlla akaijaza tiyo, hajui lolote.

Ijumaa suti za wakubwa zikafika. Tharcisse akainua bakuli.

"Hapa kwetu usafi kwanza! Jana tuliosha vidonge vyote na sabuni!"

Noëlla akageukia tiyo. Alivijaza vikavu, ndiyo, lakini jua la Kolwezi hukausha kila kitu, hata kilichooshwa jana. Profesa Kabemba, aliyekuja kulipima jaribio, akafunga daftari.

"Sabuni? Basi vimekufa. Rudini kwenye soda."

"Habikukufa!"

Suti zote ziligeuka. Henriette alikuwa mlangoni, beseni kiunoni.

"Mi njo nilitumwa kuosha. Nilimuoshea patron changarawe ya muto. Ile anashika."

Profesa akachukua punje bakulini, akaiuma, akaitema. "Changarawe," alisema.

"Muongo huyu! Ninamufukuza!" Tharcisse akafoka.

"Unanifukuza juu nilikataa kuua?"

Noëlla hakusubiri ruhusa. Alifungua koki. Asetoni ikaingia tiyoni, na baada ya saa nzima ya wakubwa kukohoakohoa, upande wa pili ukatoa kimiminika kilichogeuka, na pembeni yake maji taka kidogo yakaingia kwenye sufuria. Noëlla akachovya karatasi ya kupimia. Soda ingeigeuza bluu. Haikugeuka.

Henriette hakuamini karatasi. Alitumbukiza vidole vyake vyenye makovu, akangoja. Havikuwasha.

"Sasa weka mikono yako, tata," alimwambia Tharcisse. "Yetu tumeweka miaka kumi na saba."

Mkurugenzi akatazama sufuria. Akatazama kucha zake zilizong'arishwa. Kisha, mbele ya wakubwa wote, akaitia mikono yake mifukoni.