Mabinti wa Ithel Prydderch na Basi la Alhamisi

Ithel Prydderch alianza na lori la jeshi. Aliporudi kutoka vita vya kwanza alilinunua likiwa kuukuu, akawa anabeba makaa siku za kazi. Jumamosi alilimwagia maji, akafunga ndani yake mabenchi aliyoazimwa na kanisa, akawapeleka watu wa kijiji chetu, Cwmhesg, kutazama sinema mjini Tregwyn. Waliokaa nyuma walirudi na makalio meusi. Hakuna aliyenung'unika, maana kabla ya hapo Tregwyn ilikuwa safari ya miguu kuvuka mlima, na mvua yetu haina adabu.

Njia zake zilizaliwa moja baada ya nyingine, jinsi kondoo wanavyotengeneza njia, kwa kupita tu. Wachimbaji wa mawe walimwomba awapeleke machimboni asubuhi, akawapeleka. Shule ya Jumapili ikataka kwenda baharini kila kiangazi. Lakini roho ya kampuni ilikuwa basi la Alhamisi, la kwenda sokoni. Hilo lilisimama penye lango lolote la shamba, likabeba siagi, kuku, magurudumu ya baiskeli, na habari za kila nyumba.

Mzee alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Meinir, alikuwa kondakta wake tangu usichana. Alijua nani anakwenda kung'oa jino na nani anasingizia jino. Mdogo, Heulwen, alijiunga na jeshi vita vya pili vilipozuka, akafundishwa kuendesha magari ya wagonjwa huko Uingereza. Meinir alibaki, kwa sababu mama yao alikuwa mgonjwa wa kifua na lazima awepo mtu wa kushika beseni. Mama alifariki kabla vita havijaisha. Kisha macho ya mzee yakaanza kuingia ukungu.

Ithel hakwenda kwa daktari, maana daktari angemnyang'anya leseni. Badala yake Meinir alisimama ubavuni mwake, mkono kwenye kiti chake, akimwambia kwa sauti ya chini: kona ya kulia, Baba, kondoo, sasa daraja. Abiria walidhani baba na binti wanapiga soga. Walikwenda hivyo majira mawili ya baridi, na basi halikugusa hata ukuta. Katika muda huo wote Meinir aliamini, bila kuahidiwa na mtu, kwamba siku mzee atakapoachia usukani ataushika yeye.

Heulwen alirudi na nywele fupi na mluzi mdomoni. Asubuhi ya kwanza, wakinywa chai, baba yao akasema Heulwen ndiye atakayeendesha.

Meinir akasema kwamba na yeye angeweza kujifunza, mwezi mmoja ungetosha.

"Na tiketi atakata nani?" mzee akauliza, akipaka mkate siagi. "Hakuna anayewajua watu kama wewe, mwanangu."

Ilikuwa sifa, lakini ilimchoma kama tusi.

Baada ya muda mfupi likanunuliwa basi jipya, la kijani na rangi ya maziwa. Mchoraji aliitwa kutoka Tregwyn, na kwa amri ya mzee akaandika ubavuni, kwa herufi za dhahabu, *Heulwen*. Ithel alijitetea kwamba kwa lugha yetu neno hilo maana yake ni mwanga wa jua tu, na watu wanapenda jua. Meinir akajibu kwamba hapa Cwmhesg hakuna mtu aliyewahi kuliona jua la kutosha kulifanyia biashara. Mzee akacheka. Meinir hakuwa anatania.

Tangu hapo kila jambo dogo likawa mwiba. Bi Marged wa Posta, ambaye zamani alipanda akimweleza Meinir habari za goti lake, sasa alisimama kwanza mbele kumsifu dereva: "Unatubeba kama mayai, binti yangu." Griff Makaa alitangaza kwamba siku hizi analala usingizi kutoka kileleni hadi sokoni, na kwamba enzi za Ithel hakuwahi kuthubutu kufumba jicho. Meinir alimkatia tiketi kwa nguvu hadi ikachanika.

Alhamisi moja alivuta kamba ya kengele, ishara ya dereva kuondoka, kabla Bi Marged hajaketi. Basi likaondoka, bibi wa watu akaangukia kapu la mayai la jirani yake. Hakuvunjika popote, ila mayai hayakubaki. Jioni mzee alitaka kujua kilichotokea, na Heulwen akasema mguu wake uliteleza kwenye klachi.

Meinir alimfuata gereji. "Sikukuomba unifunike."

"Najua, dada."

"Basi usinifanyie wema nisiouomba."

Heulwen alifuta mikono kwa kitambaa, akarudi kwenye injini. Meinir alikihesabu kitendo kile kuwa kiburi.

Ng'ambo ya mlima, katika bonde la Nantddu, alikuwako mwanamume mpole mwenye masikio makubwa, Emlyn Bevan, mwenye mabasi mawili yaliyochoka. Alimpenda Meinir kwa miaka mingi bila kuthubutu kusema. Safari hii Meinir ndiye aliyeanza. Alimwuliza kama atamfundisha kuendesha.

"Kesho, ukitaka," Emlyn akasema.

Walifunga ndoa majira ya kuchipua, na Emlyn akatimiza neno lake. Alimfundisha kwenye barabara ya mlimani, akikaa kando yake bila kumkaripia, na Meinir akaelewa upesi. Lakini abiria wa Nantddu walikuwa watu wa mgodini, wachovu, na desturi yao si kumsifu mtu. Aliendesha vizuri wala hakuna aliyesema neno. Na habari zilizidi kuvuka mlima jinsi Heulwen alivyopita darajani kwenye theluji, na jinsi Heulwen alivyowasubiri wenye arusi.

Ndipo Meinir akaanza kumshikilia mumewe aombe njia ya Alhamisi. Siku hizo kila njia ilikuwa na kibali kilichotolewa na baraza lililokaa Tregwyn, na mtu yeyote aliweza kukiomba au kukipinga.

"Lile ni basi la baba yako, Meinir," Emlyn akasema.

"Ni basi la Heulwen. Si limeandikwa ubavuni?"

Siku ya baraza ukumbi ulijaa. Cwmhesg nzima ilikuja, na ilikuja kwa basi lile lile. Mwenyekiti aliuliza kwa nini njia iliyohudumiwa na mtu mmoja kwa miaka thelathini apewe mwingine. Emlyn alijiumauma, akataja saa za kuondoka, akaishiwa. Meinir akasimama. Baadaye alidai hakuwa amepanga kusema. Wanaomjua hawakuamini.

"Baba yangu aliendesha watu majira mawili ya baridi akiwa haoni," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia kona iko wapi. Humu ndani hakuna aliyejua, na hakuna aliyenishukuru."

Ithel aligeuza uso kuifuata sauti, lakini akautazama ukuta kando kidogo ya bintiye, na kila mtu akaona kwamba ni kweli. Mwenyekiti akamwuliza kama ana la kujibu.

"Ni kweli," mzee akasema. "Wala hakukosea hata kona moja."

Meinir aliketi. Maneno aliyoyangoja miaka yote alikuwa ameyapata, mbele ya watu wote, na hakujua ayaweke wapi.

Baraza lilimnyima Ithel kibali kwa kuendesha bila kuona. Lilimnyima na Emlyn, kwa kuwa mke wake alijua akanyamaza huku watu wamekaa nyuma. Njia ikapewa kampuni kubwa ya pwani, yenye mabasi mekundu, ambayo wakili wake alikuwa ameketi pale asubuhi nzima bila kuhitaji kufungua mdomo. Wapiganapo wawili, wa tatu huondoka na mfupa. Basi la kijani liliuzwa, na aliyelinunua akapaka rangi juu ya lile jina. Heulwen, kampuni ilimchukua, kwa sababu madereva wake wote waliogopa daraja la Cwmhesg. Ilimpa koti na kofia.

Watu hawakumtukana Meinir. Kanisani Bi Marged alihamia benchi jingine, ikatosha. Emlyn naye hakumlaumu hata siku moja, na hilo lilimuuma zaidi. Kisha siku moja Ithel akaja mlangoni kwao na sanduku lake, akisema Heulwen hashindi nyumbani na supu yake ni maji matupu. Meinir akampisha. Kwa mara ya pili ni yeye aliyebaki na mgonjwa.

Mzee alipenda kukaa dirishani, kwa kuwa basi jekundu lilipita njia panda ya Nantddu. "Huyo ni Heulwen," angesema. "Sikia anavyobadilisha gia." Meinir angeitua sahani mezani kwa kishindo kuliko ilivyopasa.

Siku moja uvumilivu ulimwisha Meinir, akamwuliza baba yake kwa nini hakumpa yeye usukani.

Mzee alitafuna pole pole. "Kwa sababu wewe uliniona," akasema. "Kila siku uliniona napapasa. Sikuweza kumpa usukani mtu aliyeniona hivyo."

Meinir akamwambia chai yake inapoa.

Mgodi ulipofungwa Emlyn aliuza mabasi yake. Wiki ile ile Heulwen akaja, na kofia yake mkononi, akasema kampuni inatafuta dereva wa njia ya machimboni, naye ametaja jina la dada yake.

"Nani amekwambia naitaka?"

"Hakuna. Lakini ukibaki jikoni, dada, utamuua Baba kwa hasira."

Mzee alicheka kule dirishani hadi akakohoa. Meinir akasema atafikiri. Alikwenda kufanya mtihani bila kumwambia mtu yeyote isipokuwa Emlyn, akapasi, akaendesha njia ya machimboni hadi uzee. Kwa mdogo wake hakutoa asante, wala Heulwen hakuidai.

Ila barabara ya kupanda kutoka kanisani ni nyembamba, mabasi mawili hayapishani, na mara kwa mara wao wawili walikutana uso kwa uso. Kwa kawaida yule aliye karibu na upenyo wa kupishania ndiye anayerudi nyuma. Mara nyingi aliye karibu alikuwa Meinir. Yeye angezima injini, akakunja mikono, akatazama mbele. Heulwen angengoja kidogo, halafu angerudi nyuma na basi lake zima, kandokando ya ukuta wa kanisa, akaizunguka ile kona mbaya bila hata kufungua mlango kuchungulia.

Na haikukosa kusikika sauti ya abiria fulani ndani ya basi la Meinir: "Yule anajua kurudi nyuma, jamani."

Meinir angewasha injini, akawaambia wenye maneno wayaweke mpaka washuke.