Barafu ya Kahawa ya Bibi Bolette

Siku Bibi Bolette alipotimiza miaka themanini, kijiji kizima kilikunywa bahari kwa adabu, na hakuna aliyethubutu kutema.

Chanzo ni ndoo, na mwenye ndoo ni mjukuu wake, Paarma. Asubuhi ile alikuwa ametoka na jirani yao, Mjomba Jeremias, kwa sleji inayokokotwa na mbwa hadi katikati ya ghuba iliyoganda. Paarma akatoboa barafu kwa keekee yake ndefu na kuchomoa gogo la barafu, nene kama paja. Juu lilikuwa jeupe. Chini, pale lilipogusana na maji, lilikuwa la kahawia kama limechovywa kwenye chai. Kahawia ile ndiyo iliyompa Paarma kazi: mwani mdogo usioonekana kwa jicho, unaochipua jua la mwezi wa tano linapopenya barafu, na katikati yake bakteria wanaokula kile kinachovuja kutoka kwenye mwani huo. Alitaka kujua bakteria hao wanakula kiasi gani na kuvuta hewa kiasi gani katika baridi ambayo ingemfanya kiumbe yeyote mwenye akili alale.

"Yaani umesoma miaka yote hiyo uje uhesabu pumzi za vidudu?" Jeremias alimuuliza njiani. "Na wakikohoa, unaandika?"

"Nitaanza kukuandika wewe, Mjomba. Usiku unakoroma tunasikia mpaka kwetu."

Walipokuwa wakirudi, barafu ikapasuka nyuma yao kwa kishindo. Ufa mweusi ukafunguka, mpana kuliko urefu wa sleji. Jeremias akaacha mzaha.

"Basi tena," alisema. "Huku hatuendi mpaka mwakani."

Paarma akalikumbatia lile gogo. Mwalimu wake wa chuo, kule mjini Nuuk, alishamwambia wazi kuwa bila barafu ya mwezi wa tano, kazi yake ya mwaka mzima haina maana.

Kufika nyumbani, akakata sehemu ya chini na kuitumbukiza kwenye ndoo yenye maji ya bahari aliyoyachuja, maana barafu ikiyeyukia kwenye maji yasiyo na chumvi, vidudu hao hupasuka. Iyeyuke taratibu, gizani, penye baridi. Akaifunika kwa kitambaa cheusi, akaiacha kwenye chumba cha mlangoni, kisha akatoka mbio kwenda kuazima vikombe kanisani. Haraka haraka haina baraka. Pale kijijini, ndoo ya barafu mlangoni ina kazi moja tu, kupikia kahawa, na Paarma, mzaliwa wa palepale, alilisahau hilo.

Kahawa ya Bibi Bolette, lazima niseme, haikuwa kahawa ya mchezo. Aliipika kwa barafu iliyokatwa kwenye ile milima ya barafu ya nchi kavu inayomegukia ghubani, tamu isiyo na chembe ya chumvi. Maji ya bomba aliyaita maji ya kuoshea soksi. Watu walikuja kwenye sherehe zake hata kama hawakumbuki anasherehekea nini.

Paarma aliporudi na vikombe, viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Desturi ni mgeni anywe, ale, kisha aondoke apishe wengine, lakini leo watu walikuwa wanapishana upesi mno. Mke wa katekista alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, amefumba macho. Jeremias alikuwa anatafuna keki huku machozi yanamlengalenga.

"Keki tamu," alisema. "Tamu kwelikweli. Niongezee keki."

"Na kahawa?" Bibi aliuliza.

"Kahawa... leo imekolea, Mama Bolette."

Bibi akamwona Paarma, akamvuta mkono mbele za watu. "Huyu hapa! Ndiye aliyeniletea barafu ya kahawa. Mjini hakumsahau bibi yake!"

Paarma akamiminiwa kikombe, akaonja. Chumvi tupu, na harufu ya ufukwe. Akachomoka hadi chumba cha mlangoni. Ndoo ilikuwa tupu, na kitambaa kimekunjwa vizuri juu yake.

Alitaka kupiga yowe. Mwaka wake mzima ulikuwa unachemka birikani! Lakini akisema, Bibi angeitwa mnywesha-watu-vidudu mpaka siku ya kaburi lake. Akarudi sebuleni, akameza machozi na kahawa kwa pamoja.

"Nzuri, Bibi," alisema, akaomba nyingine.

Jeremias akamsogelea. "Mwanangu," alinong'ona, "hawa si ndio wale vidudu wako?"

"Nyamaza, unywe."

"Wanapumua humu tumboni?"

"Wamechemshwa, Mjomba. Kunywa!"

Mgeni wa mwisho alipoondoka, Bibi akafunga mlango. Uso wake wa sherehe ukatoweka.

"Kaa hapo. Nilikuwa nangoja watu waondoke. Huko mjini wamekufundisha nini? Barafu ya bahari kwa kahawa?"

Paarma akaweka kikombe chini. "Ulijua?"

"Nimezeeka, sijapofuka! Nilipoona ndoo mlangoni nikawatangazia watu wote kuwa mjukuu wangu kaniletea barafu. Naja kufunua kitambaa, naona balaa. Sasa nikuaibishe? Nikachemsha. Nimekunywa vikombe vitatu, na mke wa katekista ananitazama kama nimemtilia sumu." Akaelekea kwenye kibanda cha nje cha kugandishia nyama. "Ngoja nikuonyeshe, usirudie tena."

Akarudi na mfuko uliofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kahawia, kigumu kama jiwe.

"Hiki nilikikata kabla hakijayeyuka, nikakificha chini ya nyama ya sili, nikufundishe tukiwa wawili tu. Ukiona rangi hii, barafu hiyo hainywewi. Umenisikia?"

Paarma akakigeuza mkononi. Kilikuwa kizima, hakijayeyuka hata tone. Akaanza kulia, akaanza kucheka, akashindwa kuchagua.

"Unalia nini? Hata sijakugombeza vizuri."

"Bibi, hii ndiyo kazi yangu ya mwaka mzima, si barafu ya kahawa. Na kahawa yako nimekunywa vikombe vinne."

"Vinne! Kwa nini, na ulijua ni mbaya?"

"Nisikuaibishe."

Bibi akamkumbatia yeye na mfuko wake, wakacheka mpaka mbwa wa nje wakabweka.

Paarma akamweleza habari za vidudu na pumzi zao. Ndoo ikajazwa upya maji ya bahari, kipande kikatumbukizwa, kitambaa kikarudi. Bibi akaburuta kigoda chake hadi mlangoni, akaketi pembeni ya ndoo. Mara Jeremias akaingia kwa kishindo, amerudia glavu alizosahau.

"Shh!" Bibi alimkemea. "Pita polepole. Wanapumua."