Alama za Plaizi

Kwa mara ya nne wiki hiyo, kaka alisimama mlangoni pa karakana, akaingia, akakiweka kile kidude mezani. "Betri imelegea tena, dada."

Fundi hakuinua macho. Mgongo ulimuuma tangu asubuhi, redio tatu zilikuwa mbele yake matumbo wazi, na kaka yake naye, jamani, hana hata huruma. "Mara ya nne, kaka. Kimerogwa hiki?"

"Hata mimi nashangaa."

Kidude chenyewe alikiunda fundi kwa mkono wake: mwili wa tochi ya zamani, betri moja, na kipande cha plastiki cha kutia mdomoni, ili kaka avute mvuke badala ya sigara. Alikiunda siku kaka alipotoka hospitali, daktari amesema bila kuficha kwamba pafu moja limekwisha na la pili linasuasua. Mama yao alimshika kaka mikono yote miwili akamwapisha kwamba hatavuta tena. Tangu hapo mama hana wimbo mwingine kwa majirani: mwanangu ameacha sigara.

Shida ni kwamba kidude kikizima, kaka huvuta sigara moja tu, eti ya kusubiria matengenezo. Na hiyo moja ina watoto na wajukuu.

Fundi akafungua kitako. Kibati cha shaba kinachogusa betri kilikuwa kimepinda pembeni, waya umechomoka. Akakisogeza kwenye mwanga. Juu ya shaba palikuwa na alama za meno: matatu, pengo, mawili. Akaitazama plaizi yake. Ilivunjika jino mwaka jana alipokata nayo msumari. Na anayemfungulia karakana kila asubuhi, kabla yeye hajafika, ni kaka.

Alichoka. Si uchovu wa mgongo tena. Huu ulianzia miguuni ukapanda. Lakini huyu ndiye aliyembeba mgongoni kwenye matope wakienda shule. Utamwitaje mwongo?

Akanyoosha kibati, akauunganisha waya kwa risasi ya kuchomelea, akafunga kitako. Akakiweka kidude mezani, na plaizi kando yake.

"Haya, bonyeza."

Kaka akabonyeza. Kitaa chekundu kikawaka, na uso wake ukanywea kama wa mtu aliyenyimwa likizo. Kisha akaiona plaizi.

"Umejua."

"Nimejua."

"Nimechoka, dada. Kuacha kunachosha kuliko kuumwa. Huu mvuke ni kama kulamba picha ya chakula."

"Na mama je? Umemfikiria mama?"

"Mama anajua. Jana alinikuta uani na sigara mkononi. Akarudi ndani, akafunga mlango taratibu. Halafu nikamsikia akimwambia jirani kwamba nimeacha."

Fundi alitaka kulia, akakosa hata nguvu ya hilo. Aliitia plaizi kwenye droo, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni.

"Kesho nitafungua karakana mwenyewe."

Kaka akaitikia kwa kichwa. Akakitia kidude mdomoni, akavuta, akakohoa kwa muda mrefu. Fundi alimngoja mpaka akamaliza, ndipo akaivuta redio ya kwanza.