Kofi la Scholastica

Watu wa Lumuma waliliita gari la Damiano Misheni. Lilitoka misheni kabla yeye hajalinunua, na kama misheni yenyewe, halikuwa likikataa mtu. Lilikuwa fowili ya zamani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani, lakini masika yakishika ndilo lililopanda mlimani na wagonjwa, magunia ya maharage na maiti za watu waliofia mjini. Wakubwa wenye magari ya vioo vyeusi walikuwa wakiishia Kilosa mjini na kutuma salamu.

Sasa Misheni lilikuwa limesimama Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, mbele ya gereji ya umeme wa magari ya Mwamvua. Na jioni ya siku hiyo lilikuwa linakwenda kugeuzwa bustani.

Ndivyo Damiano alivyopatana na Hezekia, mwenye nyumba ya wageni. Atalisimamisha getini, ang'oe boneti, ajaze udongo, apande maua, ili wageni wanaokuja kutazama tembo wapate mahali pa kupigia picha. Shimo la kufukia matairi nusu lilikuwa limeshachimbwa. Hezekia mwenyewe alikuwa ameteremka Kidodi kutafuta mabaki ya miwa ya kuchanganya na udongo, na akirudi, Damiano atampa funguo.

Alikubali kwa sababu geji zilikufa. Tangu azikwe Scholastica, mke wake, mshale wa mafuta ulilala, mshale wa hiti, yaani joto la injini, ukalala, na taa zake zikazimika. Wa spidi tu ndio uliobaki mzima. Bila mafuta ya kuonekana mtu anaweza kuishi, anachovya kijiti kwenye tangi. Lakini bila hiti hapandi Lumuma. Injini ikichemka mlimani na dereva hajui, kichwa cha silinda kinapasuka, na hapo kwisha habari. Fundi wa Kilosa alibadilisha fyuzi, akabadilisha sensa, akamalizia kwa kubadilisha maneno. Hata kuja Mikumi siku hiyo, Damiano alisimama kila penye kijito baada ya kijiji cha Ulaya, akashuka, akashika rejeta kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwamvua, akitokea chini ya lori na bisibisi mdomoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio umefungwa kisogoni.

"Marahaba. Nataka unifungulie hiki." Damiano aligonga kisanduku cha geji. Kwenye Misheni kilikaa katikati ya dashibodi, kati ya dereva na abiria.

"Nimeambiwa gari linakwenda kupandwa maua. Geji za nini? Mawaridi yanapimwa hiti?"

"Usinicheke. Nataka kujua jambo moja kabla hawajalijaza udongo."

Akamweleza. Geji zile zilikuwa na ugonjwa wa siku nyingi, gari likipita kwenye mashimo zinalala. Scholastica, akiwa amekaa upande wake wa abiria, alikuwa anazipiga kofi moja tu, paa, zinaamka. Damiano akipiga yeye, haziamki. Alishapiga kwa kofi, kwa ngumi, kwa kiatu. Alikuwa akimuuliza mkewe siri yake, naye anacheka na kumwambia gari linamjua anayeliheshimu.

"Basi nataka kujua," alisema, "mkono wake ulikuwa na nini."

Mwamvua alimtazama kidogo, akachukua bisibisi nyingine kama mtu aliyekwisha kubali. "Umepiga kiatu kisanduku cha geji. Halafu unashangaa kimekununia."

Alianza kwa kuchomoa waya wa betri. Akafungua skrubu za pembeni, moja ikiwa imeliwa na kutu mpaka akaitemea mate na kuibembeleza. Akakivuta kisanduku kidogo, kikagoma, akapenyeza mkono nyuma na kupapasa, uso ameugeuzia pembeni.

"Kuna nini?" aliuliza Damiano.

"Kebo ya spidi. Hii inazungushwa na gia, haihitaji umeme. Ndiyo maana wa spidi haukufa na wenzake." Aliifungua kwa vidole, akachomoa soketi ya nyaya, kisanduku kikatoka kizima na kulala mapajani mwake kama sinia.

Damiano alisogea. Kwa miaka yote aliyoendesha lile gari hakuwa ameona mgongo wa geji. Alitegemea kuona kitu kikubwa, chenye magurudumu. Aliona vumbi jekundu la barabara ya Kidete, mzoga wa nyigu, na nyaya chache zisizo na maana.

"Ni hiki tu?"

"Ni hiki tu. Ona, mafuta na hiti zina njia zao za kuja, lakini za kurudi zote zinapita kwenye waya huu mmoja mweusi. Ethi. Ukikatika huu, zinakufa pamoja."

"Umekatika?"

"Hapana." Mwamvua alikunja uso. "Waya mzima. Pete ya ncha yake nzima. Fundi wako angepima angesema mzima." Akaingiza kichwa kwenye tundu la dashibodi, akawasha tochi ya simu.  Kisha akasema kwa sauti iliyotoka kwenye bati, "Mzee, njoo uone maajabu."

Damiano akaingiza kichwa chake upande wa pili, wakawa wamebanana humo kama watoto wanaochungulia mzinga. Bati lote la ndani lilikuwa limefunikwa vumbi nene. Isipokuwa sehemu moja, upande wa abiria, palipokuwa pasafi, pana kama kiganja, na katikati yake tundu la bolti lililopanuka bila bolti. Kwenye ncha ya bati palikuwa pamenasa uzi. Mwamvua aliuvuta kwa kucha. Ulikuwa wa zambarau.

"Hapa palikuwa na kitu," alisema. "Kimekaa siku nyingi, kimetoka juzijuzi tu. Kitambaa. Nani alichomeka kitambaa kwenye dashibodi yako?"

Damiano aliujua uzi ule. Kitenge cha zambarau ndicho walichoshona akina mama wa kanisani Lumuma, Scholastica akiwamo, mwaka ule wa jubilei.

Ndipo alipokumbuka siku ya msiba. Walipotoka makaburini, Hildegarda, mtani wa ukoo wao, alivaa viatu vya marehemu, akajifunga kitenge cha marehemu, akapanda Misheni na kukaa kiti cha abiria. Mambo ya watani, msiba usiokuwa nao hauishi. Akaanza kumuiga Scholastica. Akamfokea Damiano kwamba anaendesha kama diwani anayekimbia wapiga kura. Akapiga kofi dashibodi. Watu waliokuwa wanalia walicheka mpaka wakalia tena, na Damiano naye alicheka. Halafu, kama ilivyo haki ya mtani, Hildegarda akachukua chake na kwenda zake. Kwamba alichukua nini, hakuna aliyemuuliza.

Akapiga simu.

"Mtani," alisema Hildegarda, "bado hujafa?"

"Nakusubiri utangulie. Nina hamu ya pilau."

"Pilau la kwangu hutalila, meno yenyewe huna. Sema."

"Siku ya msiba ulichukua nini kwenye gari?"

"Aa, sasa unadai vitu vya marehemu? Nilichukua kitambaa. Kilikuwa kimechomekwa pale chini ya vile visaa vyenu, kimekunjwa kikakunjika. Nimekivuta nusura ning'oke kucha. Nakiepulia sufuria."

Mwamvua, sikio limesogea kwenye simu, alinong'ona, "Muulize kilikuwa upande gani."

"Kilikuwa upande wangu, wa abiria," alijibu Hildegarda aliyesikia. "Huyo nani? Umeshaoa?"

"Ni fundi. Mtani, kwa nini ulikivuta hicho? Nguo zilikuwepo tele."

"Kwa sababu ndicho alichokuwa akikishika. Nilipomuiga hukuona? Kofi juu, kidole gumba chini kinasukuma kitambaa. Kila nilipopanda na nyinyi alifanya hivyo. Kofi lilikuwa la kuwachezea nyinyi wanaume. Watu wote waliona, Damiano. Wewe ulikuwa unatazama wapi?"

 Kwa miaka yote ile Damiano alikaa bega kwa bega na mkono ule.

"Nilikuwa natazama mashimo," alisema. "Wangetengeneza barabara, ningemtazama mke wangu."

 Kisha Hildegarda akasema, taratibu, bila utani, "Hilo ni kweli, mtani." Na kabla hajakata, "Kitambaa sirudishi. Ukikitaka uje na jogoo."

Mwamvua alikuwa ameshaanza kukwangua bati kwa msasa. Alieleza huku akifanya. Bolti ya ethi ilitoka zamani, tundu likapanuka, pete ya waya ikawa inaning'inia. Marehemu aliona, au alipapasa tu akabahatisha, akakunja kitambaa na kuibana pete kwenye bati. Kikilegea kwa mtikisiko anakisukuma. Kofi la Damiano lilikuwa linatoka upande wa dereva, na kila alipopiga alikuwa anaisogeza pete mbali zaidi.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naziua," alisema Damiano.

"Wewe na mashimo. Gawaneni."

"Mashimo yachukue fungu kubwa."

Mwamvua alitoboa tundu jipya pembeni, akakaza pete kwa bolti na washa mbili za chuma, akarudisha soketi, akarudisha kebo, balbu moja iliyoungua akaweka nyingine. Damiano alishika kisanduku kikirudi mahali pake, akakaza skrubu ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe. Mwamvua akarudisha waya wa betri.

"Washa."

Damiano aligeuza ufunguo. Mshale wa mafuta ulitikisika, ukainuka polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini asiyependa aliyemwamsha. Wa hiti ukajivuta nyuma yake. Alitazama mpaka Mwamvua akamwambia anamaliza betri.

Hezekia alifika na pikapu imejaa mabaki ya miwa, yananuka tamu. Alimkuta Damiano ameegemea boneti, funguo ziko mfukoni.

"Mzee, tayari?"

"Halipandwi maua. Limepona."

"Na shimo langu?"

"Panda mwembe. Wageni watapata na kivuli."

Hezekia alimtazama Mwamvua, Mwamvua akajishughulisha na bisibisi zake. "Sasa masika likikukwamia huko mlimani utasema nini?"

"Nitasema ninachosemaga. Kwamba mnapanda maua kwenye magari, na magari mnayatoa barabarani."

Hezekia akacheka, akaondoka na pikapu yake.

Damiano alirudi kwa njia ya Ulaya jua likiwa upande. Kwenye mpando wa kwanza mshale wa hiti ulisogea kidogo kuelekea katikati, ukatulia. Alipofika kwenye kijito cha kwanza akasimama, kwa mazoea, akaukazia macho. Ulisema injini haina neno. Lakini Damiano alikuwa ameambiwa na wengi kwamba mambo hayana neno, na wengi wao walikuwa nyuma ya kioo. Alishuka, akafungua boneti, akaweka kiganja kwenye rejeta. Joto la kawaida. Akarudi kutazama mshale, akarudi tena kwenye rejeta.

Vilikuwa vinasema kitu kimoja.

Akafunga boneti, akavuka maji. Kwenye kijito cha pili hakusimama. Alipita mashimo yake taratibu, jicho moja njiani, jingine likienda pembeni kila mara, kwenye ukingo wa dashibodi upande wa abiria, mahali ambapo kidole gumba kilikuwa kimelainisha rangi mpaka bati likang'aa.