Jina Kwenye Spika

Kijiko kilikuwa kikigonga ukingo wa bakuli upande wa pili wa ukuta. Nilijua ni jirani yangu Inshirah anaponda maharage ya daku. Kisha, barabarani, nikamsikia marehemu mume wangu.

"Amkeni! Amka, Basant! Amka ule daku!"

Kijiko kikanyamaza.

Abdelmaujud alikuwa mwamsha daku wa mtaa wetu, hapa mjini Rashid, Misri, kwa miaka thelathini. Alipiga ngoma yake ndogo na kuwaita watoto kwa majina, mlango kwa mlango. Basant, binti wa Inshirah, alipofariki kwa homa, mume wangu akawa akifika mlango ule anashusha fimbo na kupita akinyata. Hakuna aliyemfundisha.

Nilitoka nje. Sauti ilitoka kwenye spika ya Shirbini, muuza kunafa, zile tambi tamu za kuoka. Ilikuwa video aliyoirekodi mjukuu wangu Rihab, Basant akiwa hai, akaiweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Shirbini alikuwa ameipakua, akafuta jina la Rihab na kubandika la duka.

"Mwanangu, nani kakuruhusu?"

"Hajati, si iko mtandaoni! Kila mtu anaiona bure. Namfanya mzee maarufu, nawe wanuna?"

"Kuiona sawa. Wewe umeichukua ikuuzie kunafa. Na humo unamwita mtoto aliye kaburini, mama yake anasikia."

Kicheko kikamkatika. "Mtoto yupi?"

"Basant."

Akazima. "Wallahi, nilidhani ni majina tu." Aliifuta mbele yangu, akaahidi kumwomba Rihab radhi. Kisha akafunga kunafa nimpelekee Inshirah, akanisihi nisiseme imetoka kwake.

Nilimkuta Inshirah amesimama. Niliweka kunafa mezani, palipokuwa na mabakuli mawili.

"Nimemsikia mzee akimwita," alisema. "Mkono umepakua wenyewe."

"Ilikuwa spika, mwanangu. Nimeizimisha. Haitamwita tena."

Nilidhani atashukuru. Alilitazama tu bakuli la pili, mvuke ukipungua. Miaka minne tangu msiba, hata mimi sikuwa nimelitaja jina lile mbele yake.

"Alikuwa mzito wa kuamka, huyu Basant?" nikamuuliza.

"Mzito!" Alicheka machozi yakimtoka. "Mumeo alipiga ngoma mpaka dirisha likatetemeka, mwenyewe anakoroma!"

Nikakaa, nikala maharage yale yaliyopoa. Adhana ilipokaribia alinishika mkono.

"Kesho uje tena, Bibi. Uje tumtaje."